Sale halionekani kutoka juu

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wapimaji wenzangu, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaowahi basi la Arusha, habari za asubuhi.

Kwenye barua ya mwaliko mada yangu imeandikwa "Droni na Mapinduzi ya Upimaji wa Ardhi". Droni siwezi kuikataa, mwaka wa saba huu inanilisha. Hayo mapinduzi ndiyo yamenikwama kooni. Kwa hiyo naomba ruhusa ya mwenyekiti wa kikao niongelee kitu kidogo zaidi: sale. Wageni wetu wa kutoka Dar es Salaam wataniwia radhi, nitawaeleza sale ni nini sasa hivi.

Siku moja nilikuwa Uru, hapo juu ya Moshi tu. Tuliitwa kupima vihamba, mashamba ya migomba ya urithi, vya ukoo mmoja, ndugu watano, babu mmoja, eka tatu na ushee. Nilifika na droni mpya, bado inanuka duka. Asubuhi ilikuwa shwari, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejianika bila hata kilemba cha wingu. Nikairusha. Dakika saba, picha themanini, ikatua. Vijana wa ukoo wanashangilia, mimi nimeshaanza kukunja mikono ya droni, mara mzee mmoja, meku hasa, koti la kaki na fimbo, akanisogelea na kuniuliza taratibu:

"Mwanangu, hiyo nyuki yako imeliona sale langu?"

Nikafungua kishikwambi, tukaangalia pamoja. Majani ya migomba yamefunika kila kitu kama blanketi. Hapa na pale kichwa cha mgrevilea, kule bati la jikoni linametameta. Mzee akapitisha kidole juu ya kioo, akatafuta, akakosa. "Haijaliona," akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mtoto aliyetumwa dukani akarudi na kitu kingine. Akanishika mkono.

Tukainama, tukapita chini ya migomba hatua thelathini hivi, viatu vikizama kwenye majani makavu na samadi, mpaka tukafika kwenye mstari wa masale. Wageni, sale ni mmea wa majani marefu, jamii ya dracaena. Unachomeka kijiti tu, unaota, na haufi kirahisi. Mchagga akiweka mpaka anapanda sale. Akiwa na kosa zito la kuomba msamaha, anapeleka jani la sale. Mmea ni uleule, kwa hiyo anayeng'oa sale la jirani yake ajue amegusa mambo mawili kwa mpigo. Mzee akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Akarudi kwenye la tatu, akalitikisa. Shina lake lilikuwa jembamba kuliko ya wenzake, na lilisimama kama hatua moja ndani ya kihamba chake.

"Yale alipanda baba," akasema. "Hili sijui lilitembeaje."

Nyuma yetu jirani akakohoa.

Kisa hiki nimewahi kukisimulia mbele ya wahandisi wakadhani naikejeli teknolojia. Hapana. Nawaambieni kitu ambacho mashine yenyewe haiwezi kuwaambia: mpaka ni makubaliano ya watu, na droni inapima tu alama ya makubaliano hayo, tena alama inayoonekana. Kama hamjakubaliana, utapata picha nzuri sana ya ugomvi.

Sasa nieleze inavyofanya kazi, maana wengi mnadhani droni inapima. Droni haipimi, inapiga picha. Kinachopima ni hesabu. Hebu kila mtu anyooshe mkono, asimamishe kidole gumba. Funga jicho la kushoto. Sasa fungua, funga la kulia. Mmeona kidole kilivyoruka? Nguzo ile ya ukuta haikuruka, kidole kimeruka. Kitu kilicho karibu kinaruka sana, kilicho mbali kinaruka kidogo. Ukijua macho yako mawili yameachana kiasi gani na kidole kimeruka kiasi gani, unajua kidole kiko wapi. Basi. Droni ni jicho linalotembea. Inapiga picha hapa, inasogea mita kadhaa, inapiga tena, na kila jiwe, kila kona ya bati, inaonekana katika picha tano, kumi, pengine ishirini. Programu inatafuta nukta zinazofanana katika picha zote, inakokotoa kamera ilikuwa wapi na imeelekea wapi kila ilipopiga, kisha inatoa mamilioni ya nukta, kila moja na mashariki yake, kaskazini yake na kimo chake.

Wazo lenyewe ni la kizee. Mfaransa Aimé Laussedat alikuwa anachora ramani kwa picha karne ya 19, kabla ndege haijabuniwa. Mlima wetu huu Mswisi Walter Mittelholzer aliuzunguka kwa ndege mwaka 1930 akaupiga picha. Na ramani zile za moja kwa 50,000 ambazo wapimaji wa rika langu tulizikuta makabatini zilichorwa kwa picha za ndege chini ya idara ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kupima makoloni. Kilichobadilika ni kwamba ndege sasa inaingia kwenye mkoba, na hesabu iliyohitaji mashine ya ukubwa wa kabati inafanywa na kompyuta ya mezani usiku mmoja. Nasema usiku mmoja nikiwa nimebahatika na umeme.

Twende kwenye namba, vijana chukueni kalamu. Tuseme kamera ya pikseli milioni 20, yaani nukta milioni 20 kwa kila picha, kama zilizo kwenye droni nyingi za upimaji. Ukiruka mita 80 juu ya ardhi, pikseli moja inafunika sentimita 2.2 hivi chini. Picha moja inafunika mita 120 kwa 80. Unataka picha zipandane asilimia 80 kwenda mbele na asilimia 70 ubavuni, kwa hiyo unapiga kila mita 16, na mistari ya kuruka inaachana mita 36. Shamba la hekta 50 litakula picha kama 870, na betri mbili au tatu. Mtu mwenye totali stesheni, ile darubini ya kupimia, na vijana wawili wa kushika prizimu, kioo cha kulengea, angekaa hapo siku kadhaa na asingeleta nusu ya taarifa hizo.

Lakini angalieni hiyo sentimita 2.2. Pini ya chuma ndani ya bikoni, lile jiwe la mpaka, yaani nondo ya milimita 12, ni ndogo kuliko pikseli moja. Huioni. Usiniambie "nimeona bikoni kwenye picha", umeona rangi nyeupe uliyoipaka kuizunguka, na kama hukuipaka hukuona kitu.

Na hesabu yote hiyo inadhani ardhi ni tambarare. Sisi tunaishi mgongoni mwa mlima. Chukueni mteremko wa kawaida tu, unaopanda mita 10 kwa kila mita 100. Umesimama chini, umeiambia droni iruke mita 80, ikaenda mita 400 kupanda. Kule juu ardhi imepanda mita 40, kwa hiyo droni iko mita 40 tu kutoka chini. Picha imepungua ikawa mita 60 kwa 40. Mistari bado inaachana mita 36. Kule ubavuni ulikotaka asilimia 70 umebaki na 40, na mbele umebaki na 60. Programu inakosa nukta za kufananisha, ramani inatoka na matobo kama chandarua cha zamani. Hapo sijasema mgrevilea wa mita 20, ambao sasa unaitazama droni yako kwa karibu. Kwa hiyo Kibosho, Uru, Machame, Marangu, huruki bila kuipa droni modeli ya miinuko ifuate mgongo wa ardhi. Droni niliyoipoteza, niliipoteza hivyo. Iko kwenye korongo moja mpaka leo, na nyani wa huko labda wamejifunza kupiga picha.

Sasa nifike kwenye sandarusi.

Ili picha zikae mahali pake duniani, lazima uwe na alama chini ambazo umezipima kwa GPS ya kipimaji, ile ya sentimita, si ya simu. Tunaziita kontroo. Unazitawanya kwenye kona zote na katikati, na nyingine kwenye sehemu za juu na za chini kabisa. Wengine mtaniambia droni za siku hizi zina RTK ndani yake, masahihisho ya GPS ya papo hapo, kila picha inajua ilipopigwa. Ni kweli, na inasaidia sana. Lakini ukisimamisha mashine ya msingi, ile inayotuma masahihisho hayo, juu ya nukta yenye kosa, picha zote 870 zitabeba kosa hilohilo kwa unyenyekevu mkubwa, na programu itakupa ripoti ya kupendeza. Kontroo bado zinahitajika, hata chache.

Kijiji kimoja tulitandika alama kumi, sandarusi nyeupe zimechorwa msalaba mweusi kwa rangi ya mafuta. Tukapima zote, tukaruka, tukarudi mjini. Usiku programu ikaanza kunung'unika: alama tisa zinakubaliana ndani ya sentimita tatu, namba sita inadai iko mita 1.8 kutoka pale tulipopima. Nikakagua namba, sawa. Nikakagua kimo cha antena, sawa. Nikakuza picha. Juu ya msalaba wangu kulikuwa na kitu cha kahawia, kimetandazwa vizuri, kama zulia.

Asubuhi tukarudi. Kigingi kiko palepale tulipokipigilia, chini ya mparachichi. Sandarusi iko hatua mbili pembeni, imejaa ulezi uliochipua, wa kutengenezea mbege. Mama mwenye ulezi akatupokea vizuri tu, akatukaribisha viti.

"Niliona mmetandika kivulini," akasema. "Nikaisogeza juani. Si ulezi unataka jua?"

Nilikosa la kujibu, kwa sababu alikuwa sahihi kuliko mimi. Alama ya droni nayo inataka jua. Mimi ndiye niliyeitandika chini ya mparachichi kwa uvivu wa kutembea. Na hakuna aliyemwambia mama yule sandarusi ile ni ya nini. Tulipita nyumbani kwa mwenyekiti, tukamwacha mwenye uwanja.

Tangu hapo napigilia misumari kwenye kona nne, napima kila alama kabla ya kuruka na baada ya kuruka, na katika alama kumi nazificha tatu. Nikisema nazificha nina maana programu haipewi namba zake. Inatengeneza ramani kwa zile saba, halafu nazichukua zile tatu na kuiuliza: hizi umeziweka wapi? Jibu la hizo tatu ndilo usahihi wako. Ripoti ya zile saba ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Mpimaji akikuletea ramani ya droni, mwenyekiti, muulize swali moja tu: alama za kukagua zilikuwa ngapi, na zilitofautiana kwa kiasi gani? Akianza kukueleza ubora wa kamera, mwambie akae.

Kwa kazi nzuri, kosa la mlalo huwa kama pikseli moja au mbili, la kimo huzidi hapo kidogo. Kwa mita zetu 80 ni sentimita mbili hadi nne na nusu kwa mlalo. Kimo ndicho kisumbufu. Ukipiga picha zote kamera ikitazama chini tu, programu inaweza kukosea tabia ya lenzi na uwanja mzima ukatoka umevimba katikati kama andazi. Ongeza picha za kuinamisha kamera, andazi linashuka.

Kosa langu kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikuhusu droni wala ulezi. Lilihusu namba. Nchi yetu ina mifumo zaidi ya mmoja ya kuhesabu mahali. Ramani na bikoni nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960. GPS inazungumza WGS84. Na tuna mfumo wetu mpya, TAREF11. Tofauti kati ya Arc 1960 na WGS84 hapa kwetu ni takriban mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300, si sentimita! Mwaka mmoja, usiku, nimechoka, nilichukua kontroo kutoka ramani ya zamani, nikaziingiza kwenye programu kama za WGS84. Kila kitu kilikubaliana na mwenzake, ramani ikatoka imenyooka kama rula, ikiwa kwenye shamba la watu wengine kabisa. Aliyeigundua ni kijana wa mazoezi kwa vitendo, aliyeuliza kwa adabu, "Kaka, hii shule mbona iko mtoni?"

Ndugu zangu wa Arusha mna balaa la ziada. Mstari wa nyuzi 36 mashariki, ambao ni mpaka wa kanda mbili za ramani, unakata mkoa wenu. Arusha mjini, Monduli mjini na sisi wa Moshi tuko kanda ya 37. Ukipita Makuyuni kuelekea Mto wa Mbu, umevuka, Karatu na Ngorongoro ziko kanda ya 36. Mpimaji anayefuata barabara hiyo asubuhi na kurudi jioni abadilishe kanda kama anavyobadilisha gia.

Na vimo. Wazee wanasema Kibo ni mita 5,895. Mwaka 1999 walipima kwa satelaiti wakapata 5,892, watu wakalia kwamba mlima umefupishwa. Haukufupishwa, kilichoboreka ni kipimo. GPS inapima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, laini kama yai. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, hayalijui yai hilo, yanafuata usawa wa bahari. Hapa kwetu tofauti ya vimo hivyo viwili ni zaidi ya mita kumi. Ukichukua nusu ya vimo kutoka GPS na nusu kutoka alama za zamani za kimo, utachora mfereji unaopandisha maji. Wazee wetu waliochimba mifongo kwa kuyafuata maji yenyewe hawakupata shida hiyo hata mara moja, na sisi tumesoma.

Sasa, wapi droni inastahili sifa? Tambarare. Teremkeni Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya mpunga ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Majaruba yako wazi, kingo zinaonekana, maji yanaonekana yanakokwama. Ruka kabla ya kupanda, una ramani ya kila jaruba. Nyanda za malisho za Monduli na Simanjiro, vivyo hivyo. Machimbo ya moramu na mchanga: unaruka mwanzo wa mwezi, unaruka mwisho wa mwezi, unatoa modeli moja kwa nyingine, unajua lori ngapi zimetoka. Huko droni imewafanya watu fulani wasiwe marafiki zangu.

Mjini kwenye urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, Pasua, Njoro, au kule Arusha Unga Limited na Muriet, inasaidia sana pia, kwa sababu nyumba zimebanana na totali stesheni haioni mbali. Ila mjihadhari na mapaa. Kutoka juu unaona bati, huoni ukuta. Bati linatokeza nusu mita, mita nzima mahali pengine, na uchochoro wa mita moja na nusu kati ya nyumba mbili kwenye picha unakuwa ufa mwembamba au haupo kabisa. Nimeona michoro ambayo uchochoro wa watu kupitishia maiti umepotea, kwa sababu kijana alichora kwa kufuata bati akiwa ofisini na kiyoyozi. Ukishachora, chapa picha-ramani kwenye karatasi kubwa, rudi mtaani, weka karatasi juu ya meza ya mjumbe, watu waje. Wenzetu wa Rwanda, kati ya mwaka 2009 na 2013, walisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 kwa mtindo huo, kwa picha za ndege na satelaiti. Watu wakatembea mpaka wakionyesha, mchoraji anafuata na kalamu. Hawakudai sentimita, walidai majirani wakubaliane mbele ya majirani. Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni ndogo Unguja na Pemba nzima, na vijana waliozirusha ni wa hukohuko.

Huku kwetu kwenye vihamba tufanyeje, basi? Droni yenye leza, ile inayopenyeza miali kati ya majani, ipo, na bei yake ni ya nyumba. Hata ukiipata itakuonyesha ardhi chini ya migomba, haitakuonyesha sale ni la nani. Sisi tunafanya hivi. Siku mbili kabla ya kuruka, majirani wanatembea mpaka wote wawili, na mke na mume kila upande, maana mara nyingi anayejua sale lilipo ni anayekata majani ya ng'ombe pale kila siku. Viongozi wa kitongoji wapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inawapa wanawake haki zao za ardhi, lakini sheria haitembei mpakani, watu ndio hutembea. Penye uwazi tunamwaga chokaa duara la nusu mita kuzunguka sale, na droni italiona. Penye giza la migomba tunapima sale kwa mkono, kwa totali stesheni ikibidi, kwa sababu chini ya migomba hata GPS nzuri inayumba. Mawimbi yanagonga majani na kufika yamechelewa. Halafu tunaunganisha. Robo ya kazi inafanywa na droni. Robo hiyo inatupa barabara, nyumba, korongo, mfongo, miteremko, vitu ambavyo zamani tulivikadiria kwa macho. Inayobaki ni miguu na mazungumzo.

Penye mpaka wenye ubishi hatumwagi chokaa. Naomba hili mlishike, wenyeviti. Chokaa ikishamwagwa, picha ikishapigwa, picha inageuka ushahidi, na mtu atakwenda nayo barazani akisema hata ndege iliona. Kule Uru siku ile tulikunja droni yetu, ukoo ukakaa. Walikaa wiki tatu. Tuliporudi, sale la tatu lilikuwa limerudi kwenye mstari, na sikuuliza lilirudije.

Mambo ya vibali nitayapitia haraka, mnayajua na mnayakwepa. Droni inasajiliwa na kupewa kibali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kanuni zake zilitoka mwaka 2018, na kuna ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Hapa kwetu tuna uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, katikati, Kisongo upande wa Arusha, na uwanja mdogo wa Moshi. Ndege za watalii zinapita chini kuliko mnavyodhani. Ndani ya hifadhi usiruke bila kibali cha hifadhi. Na ramani, hata iwe nzuri namna gani, haiwi ramani ya upimaji mpaka mpimaji aliyesajiliwa aitie saini na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani aiidhinishe. Kijana mwenye droni na kompyuta ni mpiga picha, na upigaji picha ni kazi ya heshima, aifanye kwa jina hilo.

Waambieni watu pia. Pitisha tangazo msikitini, kanisani, kwa mjumbe. Bafu nyingi za huku hazina paa. Mama mmoja alinirushia gunzi la hindi, na kama lingeifikia droni ningemlipa mimi. Anayeirukia bila mazungumzo ni mwewe. Ukiona mwewe anazunguka, shusha droni unywe chai, hilo eneo ni lake.

Muda wangu naona umekwisha, katibu ananionyesha saa. Jumamosi tunafanya kwa vitendo kwenye kitongoji ambacho mwenyekiti wake amekaa hapo mbele, atajitambulisha. Kutembea mipaka ni Alhamisi na Ijumaa, chokaa ipo mifuko minne. Jumamosi tukutane saa moja asubuhi, turuke kabla ya saa nne, kabla wingu halijateremka na upepo haujaamka. Na mama zangu wa kitongoji hicho, sandarusi zenye msalaba mweusi ni za kazi. Mwenye ulezi wa kuanika aniambie mapema, nimebeba nyingine kumi, safi, hazijachorwa chochote.